Intavyuu ya darasa la kwanza: anayesailiwa ni mtoto au baba mtu?

Ikiingia Oktoba pale Ifakara nyumba yenye mtoto wa kwenda darasa la kwanza utaijua bila kuuliza. Mtoto hachezi. Kakalishwa kwenye kigoda barazani, kavishwa viatu saa kumi jioni na wala hana safari, na mama mtu kasimama mbele yake na mwiko mkononi. "Wotsi yo nemu?" Mtoto anajibu. "Hau oldi a yu?" Mtoto anajibu. Jirani anayepita na baiskeli yake anashusha mguu, anasikiliza Kiingereza cha bure. Ndiko tulikofika jamani, kuanzia Lipangalala mpaka Viwanja Sitini. Mtoto wa miaka sita ana intavyuu!

Kwanza tuelewane. Shule ya msingi ya serikali haina mambo hayo. Unakwenda, unataja jina la mtoto na umri wake, unaonyesha cheti cha kuzaliwa kama kipo, anaandikwa, kwisha. Ada ilifutwa, na tangu Januari 2016 hata ile michango ya lazima ikapigwa marufuku. Intavyuu ni za hizi inglishi midiamu, za watu binafsi na za mashirika ya dini. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliwafungulia mlango watu binafsi, nazo zikaota mijini, kisha taratibu zikafika mpaka bonde la Kilombero. Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, hata mzazi wa ng'ambo kule Ulanga anaweza kumleta mwanawe Ifakara bila kusubiri pantoni.

Lakini msidhani kumpima mtoto kumeletwa na inglishi midiamu. Waulizeni wazee wenu. Wao walipimwa kwa sikio! Unafika shuleni na mzee wako, mwalimu anakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Vidole vikifika, umeingia darasa la kwanza. Visipofika, rudi nyumbani ukale ugali, uje mwakani. Wako waliorudishwa miaka miwili mfululizo kwa sababu ya mikono mifupi, na leo ni mabwana wakubwa wanaogombewa viti vya mbele harusini.

Kipimo kile hakikuwa cha kijinga hivyo. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya kuhesabu, na mama ukimuuliza mtoto kazaliwa lini atakwambia "mwaka ule wa mafuriko makubwa", na bonde hili lina mafuriko mengi tu. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa na mikono ni mifupi. Akikaribia miaka saba mkono unarefuka, sikio linafikika. Mwalimu alikuwa anatafuta umri, basi. Hakuuliza baba analima ekari ngapi wala mama kasoma hadi wapi.

Hizi za sasa ndizo zinazouliza.

Turudi kwa yule mtoto wa kigodani. Shida ya kumkaririsha ni kwamba anashika mpangilio, hashiki maneno. Swali la kwanza jibu lake jina, la pili jibu lake miaka, la tatu jibu lake rangi ya gari. Sasa mwalimu naye ni mtu mzima, amekwishawaona kasuku wengi. Anaanza na la pili. Anauliza una miaka mingapi, mtoto anajibu kwa sauti kubwa kwamba yeye anaitwa Juma. Anaulizwa jina, anasema sita. Mama kule dirishani anataka kuzimia.

Ukweli ni kwamba mwalimu mzoefu hategemei mtoto wa Ifakara aje anazungumza kama redio ya Uingereza. Wengine nyumbani wanasikia Kipogoro, wengine Kindamba, Kibena au Kisukuma, na Kiswahili ndiyo lugha ya kuchezea na wenzao. Anachokitazama ni kama mtoto anaweza kumwachia mama mkono akaingia ndani peke yake. Anasalimia? Akiambiwa chukua kile kitabu uniletee, anakwenda mpaka mwisho au anasahau njiani? Anashika penseli au anaikamata kama mchi? Anahesabu vizibo kimoja kimoja, au anaimba moja mpaka ishirini huku mkono umelala? Hayo huyafundishi kwa mwiko. Mtume dukani akalete chumvi, arudi na chenji. Mpe kokoto agawe kwa wadogo zake. Mfundishe kusema shikamoo akimtazama mtu, siyo akiwa amejificha nyuma ya khanga. Akienda chekechea mwaka mzima, kazi kubwa imekwisha.

Na mwambie aseme kweli. Kuna wazazi wanamfunza mtoto wa watu aseme baba anafanya kazi ofisini. Mtoto akiulizwa ofisi gani, anajibu, "Ile ya kufukuza ndege." Aibu ya nini? Nusu ya mji huu unakula kwa sababu kuna mtu kule bondeni anafukuza kweleakwelea kwenye mpunga.

Na hapo ndipo kilipo kiini cha mambo, kina baba mnisikilize. Intavyuu inayowaangusha watu wa Kilombero ni ile ya mzazi. Mnaitwa wawili ofisini, mnakalishwa, mnaulizwa swali jepesi kabisa: mtoto anaishi na nani?

Hebu tuseme kweli. Mvua zikianza, kuanzia Desemba na Januari, watu wanahama. Mashamba ya mpunga yako mbali, huwezi kwenda na kurudi kila siku kwa baiskeli kwenye tope. Mnafunga sufuria, neti na jembe, mnahamia shambani, mnajenga dungu, mnalima, mnapalilia, mnalinda ndege na nguruwe, na kurudi mjini ni mpaka mpunga uvunwe, Juni au Julai. Sasa shule inafunguliwa lini? Januari! Yaani mwezi uleule mtoto anaoanza kuvaa sare ndio mwezi baba na mama wanaopotelea bondeni. Anabaki na bibi ambaye macho hayaoni vizuri, au na dada yake wa miaka kumi na miwili ambaye naye ni mwanafunzi. Nani atakagua daftari? Nani atajua kama mtoto ana homa tangu juzi? Na malaria ya huku mnaijua wenyewe.

Wenye pesa huamua kumpeleka bweni. Mtoto wa miaka sita bweni! Mimi sikubaliani nalo, mtanisamehe, mtoto anayelowanisha kitanda anahitaji mtu wake. Nimeona familia zinazofanya vizuri zaidi kuliko hapo. Mama mmoja anabaki mjini na watoto wa ndugu watatu, wenzake wanamlimia ekari yake. Au baba na mama wanapokezana, wiki huyu shambani, wiki yule nyumbani, ingawa kina baba wengi zamu yao ikifika mgongo huwa unauma ghafla. Vyovyote iwavyo, mkubaliane kabla ya kuchukua fomu, tena bibi naye aulizwe. Mkiingia ofisini baba akasema atakaa na shangazi, mama akasema atakaa na bibi, mwalimu atanyamaza tu na kuandika kitu kwenye karatasi yake.

Swali la pili ni la ada, na hapa mpunga unaingia tena. Mavuno ni Juni na Julai, kila mtu anauza, bei iko chini kama kisima. Dalali anakuja na gunia zake za lumbesa, zile zenye kichwa juu kama mwali kasuka, unauza zote kwa mkupuo, unanunua sabufa. Oktoba unatakiwa pesa ya fomu, Desemba sare na madaftari, Januari ada yenyewe. Pesa haipo, na mpunga uliouuza sasa umepanda bei. Mtu anakopa kwa kuuza mpunga ambao hata kuota haujaota. Anayejijua ana mtoto wa intavyuu, gunia za ada azitenge siku ileile ya kupura, azipeleke zikakae ghalani kwa jina la mtoto, na mama ndiye ajue idadi.

Karatasi msizisahau. Cheti cha kuzaliwa watu wanakitafuta siku tatu kabla, halafu wanaanza kulaumu serikali. RITA wana mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, Morogoro ukiwamo, na cheti kinatolewa bure kwenye zahanati au ofisi ya kata. Aliyekwishapita umri huo, njia ni ofisi ya mkuu wa wilaya, na mlolongo wake ni mrefu. Kadi ya kliniki itunzeni, maana tarehe ya kuzaliwa imo mle. Na tafadhali umri msiuchezee. Kumuongezea mtoto mwaka ili aingie mapema ni kumtwisha mzigo wa mwenzake.

Halafu kuna hili la nyumba yenye watoto wawili. Mmoja kaingia inglishi midiamu, anachukuliwa na gari, ana soksi nyeupe. Kaka yake yuko shule ya serikali, anakwenda kwa miguu. Jioni wageni wakija, anayeitwa kuonyesha Kiingereza ni yule mmoja. Mwingine anasimama nyuma ya mlango. Kama pesa inatosha mtoto mmoja tu, basi hayo maonyesho ya wageni yaacheni.

Na asipochukuliwa je? Wengi hawachukuliwi. Nafasi ni chache na watoto ni wengi, na mara nyingine siku hiyo mtoto kaamka na mafua tu. Msimwite mjinga, wala baba asimgeukie mama kwamba "ni wewe ulimdekeza". Mwandikisheni shule ya serikali wiki hiyohiyo, msingoje Januari madarasa yakiwa yamefurika. Kule naye atafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, ilimradi jioni pawepo mtu mzima wa kumuuliza leo mwalimu kawafundisha nini. Kama mtu huyo yuko shambani mpaka Julai, basi hata ile ya ada kubwa isingemsaidia sana.