Jaketi la ngozi: siri ya zawadi itavuja

Mama anayedunduliza fedha ili amshoneshee mumewe jaketi la ngozi asianze na mtindo. Aanze na ngozi yenyewe.

Ya kondoo ni laini na hupendeza siku ya kwanza, lakini huchanika upesi. Ya mbuzi ni nyepesi na imara kuliko inavyodhaniwa. Ya ng'ombe, ile nene, ndiyo ya mwendesha pikipiki, ingawa miezi ya mwanzo huwa nzito na kakamavu. Iliyopakwa rangi nzito mpaka vinyweleo havionekani mara nyingi huficha makovu ya kupe na miiba. Na ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi itabanduka tu, hata muuzaji aape.

Fundi je? Kitambaa kikikosewa hufumuliwa. Ngozi ikishadungwa sindano, tundu halizibiki. Ndiyo maana fundi makini hushona kwanza jaketi la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, mteja alivae, anyooshe mikono kama aliyeshika usukani, ndipo ngozi ikatwe. Anayekataa kwa kudai ana uzoefu asipewe hata arubuni. Aulizwe pia mgongo wa jaketi atautoa wapi, maana ngozi ya tumbo huvutika. Halafu aonyeshe jaketi lake lililovaliwa miaka kadhaa, likaguliwe kwapani na kwenye zipu.

Kwa hiyo mume lazima aitwe kwa fundi mapema. Kumshtukiza siku ya kuzaliwa kutabaki kwa keki.