Kipimo cha VVU: Bei iko kwenye siku

MNUNUZI wa mahindi hatoi fedha kabla ya kuuliza mzigo ulivunwa lini. Mwenye kutafuta gawio naye huangalia kwanza tarehe ya kufunga rejista ya wanahisa. Lakini katika biashara ya vipimo vya virusi vya UKIMWI (VVU), wapo wauzaji wanaopokea fedha na kutoa jibu bila kuuliza swali moja la lazima: tangu mteja apatwe na mashaka, zimepita siku ngapi?

Swali hilo sasa linawahusu wengi zaidi. Kenya ilizindua utaratibu wa watu kujipima wenyewe mwaka 2017, na Tanzania ikauruhusu kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019.

Sokoni kuna bidhaa za aina tatu. Ya kwanza hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Vipimo vingi vya haraka na vya kujipima viko katika kundi hili. Kwa mujibu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC), kwa kawaida hugundua maambukizi kati ya siku ya 23 na ya 90. Ya pili hufanyika maabara kwa damu ya mshipa, na hutafuta kingamwili pamoja na antijeni p24, ambayo ni protini ya kirusi chenyewe: siku 18 hadi 45. Ya tatu, ambayo ndiyo ghali zaidi, hutafuta vinasaba vya kirusi, kama PCR: siku 10 hadi 33. Hakuna hata moja inayoona siku ya kwanza.

Kwa hiyo mteja anayefika siku ya tano, akapimwa kwa kipimo cha haraka na kuambiwa yu salama, amenunua hewa. Wiki za mwanzo ndipo virusi huwa vingi mno katika damu, naye anarudi nyumbani bila hofu. Aliyefika siku ya pili anaweza kupata hasara kubwa zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya mashaka, PEP, sharti zianzwe ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Muuzaji aliyechukua fedha zake bila kumwelekeza hospitali amemnyima nafasi ambayo hairudi.

Je, dawa ni kila maabara ndogo kukopa na kununua mashine ya PCR? Kwa maoni yetu, hapana. Mashine hiyo inataka fundi, umeme wa uhakika na vitendanishi ambavyo muda wake hupita vikiwa kwenye jokofu. Wateja wakiwa wachache, gharama ya kila sampuli hupanda. Mwaka 2014 kampuni ya Roche ilitangaza bei ya dola 9.40 kwa kipimo cha wingi wa VVU katika nchi zenye uwezo mdogo, chini ya mpango ulioshirikisha wanunuzi na wafadhili wakubwa. Bei ya namna hiyo hufuata wingi wa oda, si ukubwa wa matangazo. Maabara tano zikikusanya sampuli na kuzipeleka kwenye mashine moja yenye kazi, zitapata faida kuliko tano zenye mashine zilizolala.

Kwa mwenye duka la dawa, mtaji unaohitajika ni kalamu. Aulize siku. Zikiwa chini ya tatu, amwelekeze mteja hospitali saa hiyo hiyo. Zikiwa zaidi ya hapo lakini hazijatimia 90, aandike kwenye risiti tarehe ya kurudia kipimo. Mteja akirudi siku hiyo, muuzaji ameuza mara mbili kwa haki, na mteja ameondoka na jibu analoweza kulitegemea.