Acheni Kutuuzia Kijani

Kila mwaka nakutana na shairi jipya kuhusu milima ya Gusii, na kila mwaka ni shairi lile lile. Kuna ukungu. Kuna kijani kibichi. Kuna mto unaoimba na nyanya aliyebeba kikapu. Mshairi ametoka Nairobi Ijumaa usiku, amekuja Krismasi ama matanga, amepiga picha tano, na kabla hajapanda gari la kurudi ameshaandika kwamba jiji ni jehanamu na mashambani ndiko roho inakopona. Jumatatu huyo, yuko jehanamu. Hakuna anayemuuliza mbona hakubaki apone vizuri.

Ugomvi wangu na shairi hilo si wa vina wala mizani. Linadanganya kuhusu mahali ninapoishi, na uwongo huo unatugharimu.

Tuanze na hicho kijani. Simama juu ya ukingo wa Manga uangalie pande zote, Kisii na Nyamira. Unachokiona ni majani chai, migomba, mahindi na mikaratusi. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1903, huko Limuru. Mkaratusi ulitoka Australia, ukaletwa nchini mwaka wa 1902 ili reli ipate kuni. Leo viwanda vya chai vinauchoma kukausha majani, na mkulima mwenye karo ya kulipa anaupanda kwa sababu unakua haraka na una soko. Hicho ni kiwanda bana, ila kimekosa paa tu. Mshairi anakiita pori. Mama, anayeamka saa kumi na moja kwenda kuchuma, anakiita kazi.

Na pori lenyewe? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina takriban watu 950 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hao si watu wa Pipeline walioishi ghorofa juu ya ghorofa, wengi wao ni watu wa mashambani. Ardhi imegawanywa baba kwa mwana hadi jirani akipika omena unajua ametia nyanya ngapi. Ukoo wa Abagirango bado unajitambulisha kwa chui, lakini mwulize kijana wa Mugirango ni lini aliona chui. Atakuonyesha kwenye simu.

Nenda Keroka, mji uliokatwa na mpaka wa kaunti mbili. Mbele kuna lami na duka la M-Pesa. Nyuma ya duka kuna mahindi. Nyuma ya mahindi kuna ploti za kupangisha, na nyuma ya ploti kuna kaburi la babu ya mwenye ploti. Niambie basi, mji unaishia wapi na kijiji kinaanzia wapi?

Fasihi yetu haina jibu, maana ilishaamua kwamba kuna vyumba viwili tu. Mwaka jana nilimtumia mhariri mmoja hadithi fupi kuhusu kijana anayeosha pikipiki kando ya mto Nyakomisaro, unaopita katikati ya mji wa Kisii. Akanijibu kwa adabu kwamba mandhari hayaeleweki, kwa hivyo niamue kama hii ni hadithi ya mjini au ya mashambani. Sikuamua. Mto wenyewe haujaamua.

Siwalaumu waliotutangulia. Mwaka wa 1973 Meja Mwangi, katika Kill Me Quick, aliwatupa Meja na Maina kwenye vichochoro vya Nairobi pamoja na vyeti vyao vya shule, na alikuwa anaandika kitu kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yake. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka wa 1971, wengi waliisoma kama hadithi ya msichana mwema wa kijijini aliyeharibiwa na ulimwengu wa nje. Isome tena polepole. Kipigo kinachomvunja Rosa kinatoka kwa babake, huko huko nyumbani Ukerewe. Kezilahabi hakusema kijiji ni kisafi. Ni sisi wasomaji tuliokipiga deki, na sasa tunaandika kutoka kwenye sakafu hiyo iliyong'arishwa.

Chumba cha pili, kile cha pori, tulijengewa na wageni. Hemingway aliandika Green Hills of Africa mwaka wa 1935, Karen Blixen akafuata na Out of Africa mwaka wa 1937. Huko milima na wanyama ndio wenye nafasi ya mbele, na wenyeji wanapita nyuma kama mawingu. Binyavanga Wainaina aliwakejeli waandishi wa aina hiyo mwaka wa 2005 katika How to Write about Africa. Tukacheka wote, tukatumiana. Kisha tukarudi kuandika milima isiyo na watu, safari hii kwa Kiswahili sanifu.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa na mtunzi mwingine wa kufuata. Sakagwa, nabii wa Abagusii wa karne ya kumi na tisa, anakumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wazungu na kuonyesha pale ambapo majengo ya mji wa Kisii yangesimama, wakati hapakuwa na jengo. Mahali hapo paliitwa Getembe, na wazee husema jina hilo limetoka kwa omotembe, mti wa maua mekundu. Tazama alivyofanya. Alisimama kwenye kichaka akauona mji, na hakuhitaji kuchukia kimoja ili akiseme kingine.

Sasa gharama. Nyakomisaro umejaa takataka za mji na maji machafu ya kuoshea magari, na huko chini kuna watu wanaouchota. Lakini ni mchafu mno kwa shairi la mashambani, na ni mto mno kwa riwaya ya jiji. Kwa hivyo hauna mshairi. Mto unaoimba unapewa beti, mto unaonuka unaachiwa NEMA. Mwaka wa 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ikatwe kandokando ya mito na kwenye chemchemi. Fikiria aibu hiyo. Serikali ilikuwa inahangaika na miti inayokausha visima vyetu, na washairi walikuwa wanaisifu kwa ukijani wake. Nyangweta, msitu mdogo uliobaki Mugirango Kusini, sijawahi kuusomea hata ubeti mmoja. Mtoto anakariri "tutunze mazingira" kwenye tamasha, akiamini mazingira yako Mara, kwa tiketi. Mfereji ulio nyuma ya darasa lake ni mahali pa kutupa tu.

Utaniambia fasihi si ripoti ya kaunti, na mshairi ana haki ya kuota. Pia utanikumbusha kwamba mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, sina digrii ya kukufunza fasihi. Sawa. Ota. Lakini angalia ndoto hiyo inamfaa nani. Inamfaa mwenye nauli ya kurudi. Anayebaki anaambiwa maisha yake ni tiba ya mtu mwingine, na akilalamika kwamba kisima kimekauka anaonekana anaharibu picha. Wala usiniambie haiwezekani. Clara Momanyi, katika Nakuruto, aliweka uharibifu wa mazingira katikati ya riwaya ya Kiswahili.

Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, unashuka Kisii, unapita Migori hadi Ziwa Viktoria. Njiani unapita chai, soko, shule, makaburi, na tena soko. Hakuna mahali unapobadilisha jina kwa sababu umetoka mashambani ukaingia mjini.

Basi ukija Desemba, usipande Manga kwanza. Shuka Daraja Mbili siku ya soko, utafute Nyakomisaro, uufuate kwa miguu saa moja nzima ukiwa umezima kamera. Ongea na vijana wanaoosha pikipiki. Uliza maji ya nyumbani yanatoka wapi na yalikuwa yanatoka wapi zamani. Kisha andika, hata kama mhariri atakuuliza ni mji ama ni kijiji. Ukimaliza, nitumie. Hiyo nitaisoma mpaka mwisho.