Penye wengi pana machache

Katika semina zetu kuna imani isiyohojiwa: ukitaka mawazo mazuri, kusanya watu, simamisha bango kitita, shika makapeni, tangaza bungua bongo, na mawazo yatamiminika. Penye wengi, tunaambiwa, pana mengi. Si kweli. Penye wengi pana machache, na hayo machache mara nyingi ni ya mtu mmoja: aliyewahi kusema.

Kikundi cha vijana kilikaa nyuma ya banda la nyama choma, Kwa Mrombo, Arusha, Jumapili alasiri. Ajenda ilikuwa mradi wa kuandikia andiko la mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, usio na riba. Mwenyekiti akafungua: "Jamani, toeni mawazo, hakuna wazo baya. Mimi kwa upande wangu naona tufuge kuku wa mayai." Hapo kikao kilikuwa kimekwisha, ingawa watu walikaa mpaka jioni. Wa pili akasema kuku wa nyama. Wa tatu, kuku wa kienyeji. Wa nne akaunga mkono hoja. Binti mmoja, fundi cherehani, alikuja na wazo la kushona aproni na vitambaa vya meza kwa mabanda ya nyama ya mtaa mzima na kuvifua kila wiki. Vilivyopo vimeganda mafuta, kila mlaji anaviona. Hakulisema. "Ningeanzia wapi, kaka," aliniambia baadaye, "na wenzangu wameshafika kwenye bei ya vifaranga?"

Imani hii ina mwenyewe. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, aliieneza kwa kitabu chake Applied Imagination cha mwaka 1953, akidai mtu wa kawaida hutoa mawazo maradufu akiwa kundini. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalipima dai hilo. Wanafunzi wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja, waliwapita wanne waliokaa pamoja karibu mara mbili. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: kusubiri zamu. Mmoja anapoongea, mwenzake yuko kazini kulishikilia wazo lake lisimponyoke, na aliyeshikilia la zamani habuni jipya.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wetu walikaa chini ya mti. Naam, walikaa. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu Waarusha wa miteremko ya Meru, anaeleza vikao vyao vya kumaliza migogoro, watu wakizungumza mpaka wapatane. Lakini huko ni kuamua, na kuamua kundi linakuweza sana. Mgogoro wenyewe ulikuwapo kabla hawajaketi. Hata Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana mjini hapa Januari 1967 haikuanza na karatasi tupu. Nyerere alikuja na rasimu, wajumbe wakaijadili, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5.

Basi kundi lipewe kazi yake. Kwanza kila mjumbe aandike kimya, dakika kumi, bila kuweka jina. Asiyejua kuandika amnong'oneze katibu pembeni. Karatasi zote zisomwe kabla ya yeyote kutoa maoni, na mwenyekiti aseme wa mwisho. Hapo ndipo mjadala uanze, tena uwe mkali. Kauli ya "hakuna wazo baya" ni adabu tu. Mawazo mabaya yapo tele, na mkopo usio na riba nao hulipwa, hata banda likibaki tupu.

Nanyi maafisa maendeleo ya jamii, mkija tena kuvifundisha vikundi vyetu, bango kitita liacheni ofisini. Njooni na kalamu za kuwatosha wote.