Taa za Tela Si Mapambo
Pikapu ya zamani ikifungiwa tela, taa hazitaki ubahili. Nyaya za taa za nyuma za pikapu zilipimwa kwa balbu zake zenyewe. Ukizichuna na kuzibebesha balbu za tela, fyuzi huungua au swichi ikapata moto. Fundi umeme makini huvuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake, hadi kwenye relei za taa za tela. Waya wa arthi nao upite kwenye soketi, usitegemee ndoano yenye kutu na grisi: ukiwasha indiketa, taa nyingine zikapepesa nayo, kagua arthi kwanza. Anayekufuata usiku huijua tela kwa taa zake. Mwenye gari, mlipe fundi akamilishe kazi kabla hujaingia barabarani.