Kompyuta ya Duka Isisubiri Mtandao Ndipo Iwake

Wafanyabiashara wenzangu, leo nasema na wenye kompyuta ya mauzo dukani, hasa zile mafundi wanazotuwekea Ubuntu kwa kuwa haina malipo.

Umeme umekatika, umerudi. Wateja watatu wako kaunta, mmoja bodaboda inamsubiri nje. Unawasha kompyuta, inatiririsha maandishi halafu inaganda: eti inasubiri mtandao. Kwangu ilikuwa dakika mbili nzima kila asubuhi. Yule wa bodaboda hakungoja, alivuka barabara akanunua misumari kwa jirani. Mimi nabaki kulaumu bando.

Kumbe bando halina kosa. Kuna programu ndogo ambayo, kompyuta ikiwa inawaka, inawazuia wengine mpaka mtandao ukae sawa. Muda wake wa kawaida ni sekunde 120. Umeme ukirudi, kompyuta na ruta vinaamka pamoja, ruta inachelewa, basi na wewe unakaa. Halafu mashine yangu ina matundu mawili ya waya wa mtandao. Moja halijawahi kuchomekwa kitu, ila fundi aliyaandika yote kwenye mipangilio. Yaani ilikuwa inangojea waya ambao haupo!

Mimi naona hivi: kama bei, stoku na risiti viko humo humo kwenye mashine, hakuna sababu ya mauzo kusubiri mtandao. Utakuja nyuma.

Mwambie fundi aandike amri systemd-analyze blame, aone nani anakula muda. Kisha kwenye faili lililoko /etc/netplan, chini ya tundu lisilo la lazima, aongeze optional: true. Ni kazi fupi, usikubali bei ya kubadilishiwa mashine.

Ila akitaka kuiondoa kabisa hiyo programu ya kusubiri, mzuie kwanza. Kama kumbukumbu za mauzo ziko kwenye mashine nyingine ya stoo, kompyuta ya kaunta inauhitaji mtandao kweli, la sivyo mauzo yatafunguka matupu. Hapo apunguze tu muda, sekunde 20 hivi.

Fanyeni jaribio duka likiwa limefungwa: zima ruta, chomoa waya, washa mashine. Ikifika kwenye mauzo bila kuganda, mlipe fundi wako.