Gogo Mtoni na Mkondo Ulio Chini ya Ardhi

Kina mama wa Garsen na vijiji vya bonde la Tana wanalijua jambo ambalo wataalamu wa miamba hulitafuta kwa mitambo. Gogo likizama mtoni wakati wa masika, maji hayasimami. Hulizunguka, na matete hulala kufuata mkondo. Atazamaye matete hayo baadaye, maji yakishapungua, hujua mkondo ulikopita.

Ndivyo ilivyo chini ya ardhi. Ganda la dunia limegawika mabamba makubwa, na penginepo bamba moja huzama chini ya jingine, kama lifanyavyo bamba la Bahari ya Hindi huko Sumatra. Chini ya ganda hilo pana mawe ya moto, magumu, ambayo kwa dahari za miaka husogea polepole, sentimita chache kwa mwaka. Mawe hayo hulizunguka bamba lizamalo, na chembe za madini yaitwayo olivini hulala kufuata mkondo, mfano wa matete.

Tetemeko litokeapo, mawimbi yake hupita humo. Wimbi litikisalo kwa upande hugawika pacha wawili: atikisikaye sambamba na chembe zilizolala hutangulia, na azikataye hukawia, mara nyingi kwa kiasi cha sekunde moja. Kwa kukawia huko wataalamu huutambua mkondo ambao jicho la mwanadamu halijapata kuuona.

Twayasema haya kwa kuikumbuka Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la Sumatra, la kipimo cha 9.1, lilitokea kabla ya adhana ya alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya kwanza ya miamba huvuka masafa yale kwa takriban dakika 10. Bahari ilichukua saa nyingi, ikatufikia mchana. Hapa Kenya watu walihimizwa kutoka fukweni, na aliyefariki ni mmoja. Somalia walifariki mamia.

Basi aliyeko Kipini, mlangoni mwa Tana, aonapo bahari imerudi nyuma ghafula, au ahisipo ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, awachukue watoto na wazee aelekee bara, asibaki kuokota samaki. Kutawakali huja baada ya kutenda sababu.

Na watoto wetu waisomapo Suratul Zilzala, tuwafunze kuzihesabu nafsi zao, si kumnyooshea kidole aliyefikwa na msiba. Tumeyasikia mabarazani maneno ya kwamba watu fulani wametikiswa kwa dhambi zao. Ardhi iliyotikisika Sumatra ndiyo iliyotuletea bahari hadi mlangoni petu; nani kati yetu atajiona yuko mbali?

Wabillahi tawfiq.